Zambarau kwenye Midomo ya Mramba

Hannah Mbeyu alikuwa amekwisha kukiri mara mbili kabla Inspekta Nahashon Kioko hajamuuliza swali lolote la maana. Mara ya kwanza alikiri mbele ya watu wa kijiji cha Adu, mlangoni kwake kule pembezoni mwa Kisumu Ndogo, mjini Malindi, walipokuja na marungu kuuliza nani aliyemuua ndugu yao Mramba. Mara ya pili alikiri ndani ya Land Rover ya polisi, ameketi baina ya Kioko na Konstebo Kahindi, mikono yake iliyovimba vifundo imelala mapajani kama si yake.

"Mimi ndiye niliyempa," alisema. "Aliniomba ile dawa yangu nyekundu, nikammiminia. Nimemuua shemeji yangu."

Kioko alimwandika akamtia ndani. Lilikuwa jambo jepesi. Watu wa Adu waliichukua maiti yao wakarudi kwao wametulia, mkuu wa kituo akaridhika, na jalada likapata jina. Ila Jumatano asubuhi Daktari Mwaura wa hospitalini alimpigia simu, akamwambia aje mwenyewe, asitume mtu.

Daktari alikuwa mtu mfupi asiyependa kukaa. Alimpokea Kioko amesimama dirishani.

"Wewe ndiye uliyeandika kwamba marehemu alikuwa amekula zambarau?"

"Ndiyo. Midomo yake ilikuwa na rangi hiyo. Msimu wake ndio huu, kila mtoto mjini humu kinywa chake kiko vivyo hivyo."

"Zambarau hutoka kwa maji. Ile niliisugua kwa spiriti isitoke. Tena Jumapili alipoletwa hapa akipumua kwa taabu, haikuwapo. Nilimfungua kinywa mimi mwenyewe. Kilikuwa kimeungua, na midomo ina umanjano kidogo. Zambarau ilitokea Jumatatu, tulipomtoa nje juani kuwakabidhi wenyewe."

"Basi alikufa kwa nini?"

"Kwa koo. Lilivimba mpaka likajifunga. Alikunywa kitu kikali, cha jamii ya asidi." Daktari aliinua chupa ya dawa nyekundu ambayo Kioko alikuwa ameileta kama kielelezo, akaitikisa. "Si hiki. Hiki nimekionja kwa ncha ya ulimi. Ni maji yenye rangi, Inspekta. Tena umeandika kwamba yule mama alikunywa kutoka chupa hii hii asubuhi ile ile. Yuko wapi sasa?"

"Yuko seli."

"Anaumwa?"

"Mikono tu. Ana baridi yabisi."

"Na sakafu ya seli ni saruji," alisema daktari, akarudi kutazama dirishani.

Kioko alichukua kofia yake. Swali alilopaswa kujiuliza tangu Jumapili, kwamba inakuwaje dawa moja imuue mmoja na kumwacha mwingine, alikuwa ameulizwa na mtu mwingine.

*

Mwalimu Laban Mwambire, mume wa Hannah na kaka wa marehemu, alikuwa amestaafu kufundisha kemia katika shule za sekondari. Kioko na Kahindi walimkuta barazani amevaa shati jeupe na tai, kana kwamba anangojea gari la kumpeleka mazikoni. Lakini Mramba alikuwa amekwisha kuzikwa jana yake.

"Waliniletea habari nisikanyage Adu," alisema baada ya salamu. "Hata udongo sikumtilia ndugu yangu. Wanasema nyumba yangu imeua, na mimi siwezi kuwabishia. Mke wangu hajambo?"

"Hajambo," alisema Kioko, na neno hilo halikumpendeza lilivyotoka. "Mwalimu, nataka unionyeshe hiyo dawa inavyotengenezwa. Tangu mwanzo."

Binti yake Mwalimu aliwaletea chai. Easter alikuwa na miaka ishirini na minne, mshonaji wa sare za shule, mtoto wa mke wa kwanza aliyefariki miaka mitatu nyuma. Alisema "Shikamooni" kwa sauti ndogo, akaweka sinia mezani kwa mkono wa kushoto, akajikunjua haraka. Kahindi alimfuata kwa macho mpaka alipoingia ndani. Kioko aliuona mkono wa kulia mara moja tu, ulipopita: vidole vitatu vya mbele vilikuwa vimepakwa hina hadi kwenye fundo la pili.

Kibanda cha Mwalimu kilikuwa uani, nyuma ya jiko. Ndani mlikuwa na meza, stovu ya mafuta ya taa, mitungi miwili ya plastiki iliyoandikwa *Mvua*, na kabati ya mbao isiyo na kioo. Mwalimu aliifungua kwa ufunguo uliokuwa umening'inia kwenye msumari palepale ukutani. Akatoa kifurushi cha kitambaa cheusi, akakifungua polepole. Ndani mlikuwa na chupa ya rangi ya kahawia yenye kizibo cha kioo.

"Hii ndiyo mama ya dawa," alisema. "Dhahabu haili kutu, Inspekta, wala asidi moja haiiwezi. Lakini ukizichanganya asidi mbili kali, ile ya chumvi na ile ya shura, dhahabu huyeyuka kama sukari kwenye chai. Ukichemsha ikapungua, hubaki chumvi ya manjano. Kloridi ya dhahabu. Hiyo haiendi kinywani. Hiyo ni sumu na huunguza."

"Na unaiweka kwenye kabati yenye ufunguo ukutani."

Mwalimu alitazama ule ufunguo kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeutundika. "Ndiyo," alisema. "Hilo nimeliwaza sana siku hizi."

"Endelea."

"Pwani hii huwezi kuiweka kavu. Hewa ya Malindi ina maji. Ukiiacha wazi saa moja imekwisha kuwa asali. Kwa hiyo mimi huiacha majimaji, kali, katika kioo cheusi, isione mwanga. Haifungwi kwa kifuniko cha bati, haichotwi kwa kijiko cha chuma, maana ikigusa madini hayo dhahabu hutoka majini ikajishikiza. Na isikuguse. Ikigusa ngozi, kwanza huoni kitu. Ikishapigwa na jua ndipo utaona zambarau. Haitoki kwa sabuni wala kwa mchanga. Hutoka ngozi yenyewe ikibambuka."

Kioko na Kahindi walitazamana. Kahindi alifungua kinywa kusema neno, Kioko akamzuia kwa jicho.

"Sasa ile nyekundu?"

"Nyekundu hutoka kwa hii. Matone machache katika chupa nzima ya maji ya mvua yanayochemka. Maji ya kisima hayafai, yana chumvi, rangi hugeuka buluu na dhahabu yote ikaketi chini. Kisha unatia maji ya ndimu uliyoyatuliza kwa magadi. Sumu huisha. Dhahabu hurudi kuwa dhahabu, ila vumbi jembamba lisiloonekana, na maji huwa mekundu kama ubuyu. Kule ng'ambo madaktari huwadunga watu wenye baridi yabisi sindano za chumvi za dhahabu. Mimi sikuwa na uwezo wa sindano. Nilisema nitamtengenezea mke wangu hapa hapa."

"Ilimsaidia?"

"Alisema inamsaidia." Mwalimu alikunja kile kitambaa cheusi. "Hannah ni mtu wa kusema hivyo."

"Dhahabu yenyewe uliipata wapi?"

"Nilikuwa nayo."

"Ya nani?"

"Nimesema nilikuwa nayo, Inspekta."

Kioko hakumsukuma. Alinyosha mkono akapewa chupa. Alijaribu kukitoa kizibo kwa vidole, kikakataa. Akakibana kwa kiganja, akakizungusha kwa nguvu mpaka mshipa wa mkono ukasimama, ndipo kikalia na kutoka. Kioevu kilichokuwamo kilikuwa cha manjano.

"Mkeo anaweza kufungua hii?"

"Hannah hawezi kufunga kifungo cha nguo yake."

"Nitengenezee basi. Nataka kuiona ikigeuka nyekundu."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Mwalimu alionekana kama mtu anayejua lililo mbele yake. Aliwasha stovu, akapima maji ya mvua katika chupa ya maabara yenye shingo nyembamba, akayaacha yachemke. Aliongea akifanya kazi, sauti imepanda kidogo, kama darasani. Alisema kwanza maji yatapoteza umanjano, kisha yataingia weusi kama wingu, na ndipo wekundu utakapokuja polepole. Watu hukosa subira, alisema, wakadhani imeharibika.

Kahindi alitoka nje bila kuaga. Kioko alimsikia akielekea jikoni.

Mwalimu alidondosha manjano yake. Maji yakawa na ukungu. Alikunja uso kidogo, akayazungusha, akachukua kikombe cha maji ya ndimu na magadi, akatia.

Wekundu ulikuja papo hapo. Haukungoja wingu wala weusi. Na haukuwa wekundu wa ubuyu, ulikuwa wa hudhurungi, kama tofali lililolowa. Mvuke ulipanda hadi puani mwa Kioko, na mvuke huo ulinukia mchuzi.

Mwalimu aliitua chupa mezani. Alizima stovu.

Kioko hakuwa mwanakemia, lakini alikuwa mtu wa kufua nguo zake mwenyewe pale lain, kwenye nyumba za polisi. Aliwahi kumwagikiwa na mchuzi kwenye shati jeupe la sare. Alipolitia sabuni, doa la manjano liligeuka jekundu kama damu, na jirani yake akamcheka, akamwambia bizari ndivyo ilivyo ikikutana na sabuni au magadi.

"Hiyo ni manjano ya jikoni," alisema.

Mwalimu alivua miwani yake. Aliifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena, akatazama chupa ya kahawia, kisha mlango wa uani. Huko nyuma cherehani iliyokuwa ikilia ilikuwa imenyamaza.

"Inspekta," alisema, "mtoe mke wangu. Ni mimi."

"Wewe ulifanya nini?"

"Nilimimina ile kali kwenye bilauri, nikaisahau jikoni. Ndugu yangu alifika na kiu, akanywa. Nikaogopa kusema."

"Lini?"

"Jumapili. Kabla ya ibada."

"Kwa nini uliimimina?"

"Nilitaka kuiosha chupa."

"Ukaiosha, ukatia bizari?"

Mwalimu aligeuka kuitazama stovu iliyozimwa.

"Nipe mikono yako," alisema Kioko.

Mwalimu aliinyosha. Ilikuwa mikono ya mzee, safi, kucha zimekatwa. Kioko aliigeuza juu chini kwenye mwanga wa mlangoni.

"Mdomo wa chupa hii ni mpana. Mtu akimimina kwa pupa lazima kitone kimrukie. Wewe umenifundisha hapa hapa kwamba kikiruka hakitoki. Hilo moja. La pili ni kubwa zaidi. Mtu anayejua chupa yake ina bizari hathubutu kunichemshia mbele ya macho yangu. Wewe umejua sasa hivi, pamoja na mimi. Nilikuwa nakutazama usoni, Mwalimu."

"Andika kwamba ni mimi."

"Nilikwisha kumwandika mtu mmoja aliyesema ni yeye. Siandiki wa pili."

Kahindi alitokea mlangoni amebeba kigoda cha mbao. "Afande, hiki kilikuwa nyuma ya mtungi wa maji ya kunywa, kimepinduliwa." Aligeuza kigoda juu. Katikati ya mbao palikuwa na duara la zambarau, upana wa kitako cha chupa, na matone mawili pembeni yake.

"Si kitako cha bilauri," alisema Kioko.

"Ni chupa ya sharubati. Ziko tatu jikoni, kitako ni hicho hicho." Kahindi aliteremsha sauti na kumsogelea. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa Kaloleni, na alichosema alikisema kwa haya. "Na lile nililotaka kukuambia, Afande. Kwetu nyumba yenye msiba haipaki hina. Hata kama ilipakwa kabla, mtu huificha. Na hii si ya kabla, bado mbichi. Tena vidole vitatu? Bibi arusi gani hupakwa vidole vitatu?"

*

Easter alikuwa ameketi nyuma ya cherehani, sare ya bluu imekwama chini ya sindano. Kioko alivuta kiti akaketi mbele yake. Mwalimu aliwafuata, akasimama kwenye kizingiti, na Kioko hakumfukuza.

"Ni arusi ya nani, Easter?"

Msichana alitazama vidole vyake. Hakuvificha tena.

"Hakuna arusi," alisema.

"Vilete juani."

Aliutoa mkono kwenye mwali ulioingia dirishani. Hina ilikuwa imeshika vizuri kwenye ngozi, lakini kuzunguka kucha, pale hina isipoingia sawasawa, palikuwa na ukingo mweusi wa zambarau. Rangi ile ile ya kigoda. Rangi ile ile ya midomo ambayo Kioko aliitazama Jumatatu, akaandika tunda.

"Nieleze kwa mpango," alisema.

Alieleza. Hakulia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekariri jambo hilo peke yake mara nyingi.

"Ile dhahabu ni pete za ndoa. Ya mama na ya Baba. Mama alipokufa zilikaa katika kikebe cha pini zangu. Mwaka jana Baba alizichukua. Sikukataa, nilidhani anataka kuziangalia. Baadaye akaniita kibandani nione zilivyoyeyuka. Alifurahi. Alinionyesha kama anavyowaonyesha wanafunzi."

"Easter," alisema Mwalimu kutoka mlangoni.

"Niliuliza, mama je? Baba akasema pete ni madini kama madini mengine, na aliye hai ndiye mwenye maumivu." Aliurudisha mkono mapajani. "Ni kweli. Mama mdogo ana maumivu. Sikuwa na chuki naye, Afande, naomba uandike hivyo. Lakini kila asubuhi ameketi pale, anashika bilauri kwa mikono miwili kwa sababu mmoja hauwezi, anakunywa. Na mimi nilikuwa naona anamnywa mama. Kila asubuhi mama anapungua."

Kioko aliacha kuandika, kisha akaendelea.

"Nilimuuliza sonara Famau kule mjini. Alisema maji hayo yakitiwa kipande cha shaba, dhahabu hurudi. Haitakuwa pete, alisema, itakuwa tope, lakini yeye ataichoma iwe punje. Niliitaka punje hiyo. Jumapili Baba na mama mdogo walitangulia kanisani. Nikafungua kwa ufunguo wa ukutani, nikamimina kwenye chupa ya sharubati. Nikatia maji ya bizari kwenye ile ya kahawia ili Baba asijue upesi. Hii ya dhahabu nikaificha nyuma ya mtungi, niipeleke kwa Famau Jumatatu. Nikaenda kwaya."

"Ulijua ni sumu?"

"Nilijua. Baba hutuambia kila mara. Ndiyo maana niliificha."

"Nyuma ya maji ya kunywa."

"Nyuma ya maji ya kunywa," alisema. "Nilifikiri hakuna anayepita huko ila mimi. Sikumfikiria baba mdogo. Hakuwa ametuma habari kwamba anakuja. Nilipotoka kwaya mama mdogo alikuwa amekwisha kurudi, na baba mdogo nilimkuta uani amejishika koo, chupa iko miguuni pake. Alikuwa amekwisha kunywa ile nyekundu ya mama mdogo, akamwambia haikati kiu, akaingia jikoni kutafuta maji, akaona sharubati. Mama mdogo hakuona hiyo ya pili. Alikuwa amepiga magoti akisema ni dawa yangu, ni dawa yangu. Watu wakaja. Wakambeba. Mimi nikaokota chupa, nikaitupa chooni."

"Ukamwacha aseme ni yeye."

"Nikamwacha."

"Tulipokuja kumchukua ulikuwa wapi?"

"Mlangoni. Hawezi kuinama kuvaa viatu, mimi ndiye humvalisha. Nilikuwa nimevishika. Wewe uliniambia nisogee, hakuna wakati wa viatu."

Kioko alikumbuka. Alikumbuka msichana mwenye viatu vya mpira mkononi, watu wa Adu wakipiga kelele nje, na yeye akimsukuma kwa bega ili mlango ufungwe.

"Ningesema," alisema Easter. "Kila siku nilikuwa nasema kesho. Wakati anasema yeye, mimi nilikuwa nanyamaza, na kunyamaza kukawa kama nguo, siku ya pili huisikii tena mwilini."

Mwalimu alikuwa ameshika mwimo wa mlango kwa mikono yote miwili. "Ungeniambia kwamba zinakuuma hivyo, mwanangu," alisema. "Ningeacha."

"Nilikuambia, Baba."

Mwalimu aliuachia mwimo wa mlango. Aliteremka polepole mpaka akaketi kizingitini, na tai yake ikagusa sakafu.

"Inspekta," alisema, "hizo pete. Kwa kuwa alikunywa..."

"Dhahabu yake imezikwa Adu," alisema Kioko. "Kiasi alichomeza. Iliyobaki ilikwenda chooni."

Easter aliinuka mwenyewe, akaizima cherehani, akaikunja ile sare ya bluu akaiweka juu ya nyingine. Kahindi alitoa pingu. Kioko akatikisa kichwa, na Kahindi akazirudisha.

*

Kituoni Kioko alikwenda kumtoa Hannah yeye mwenyewe. Alimkuta ameegemea ukuta, miguu mitupu, magoti ameyakunja kwa sababu hakuweza kuyanyosha. Ilibidi askari wawili wamwinue. Pale kaunta alitakiwa kuweka dole gumba kwenye kitabu, na dole lake halikuweza kujitenga na vidole vingine. Kioko alilishika, akalikunjua polepole huku mama akifumba macho, akaligandamiza kwenye wino, kisha kwenye karatasi.

"Mama," alisema, "nilikosea. Ilinipasa nikuulize kabla ya kukufungia."

"Niliwaambia ni mimi. Ungeuliza nini?"

"Ningeuliza kwa nini wewe hukuugua."

Hannah alifikiri. "Hilo na mimi nilijiuliza mle ndani," alisema. "Nikaona labda Mungu ananingoja. Sasa ni nani?"

Kioko alimwambia yote, mpaka sonara Famau, mpaka pete. Alijaribu kuliruka neno la kumnywa mama, kisha akaona kwamba mwanamke huyu amekwisha kufichwa mambo ya kutosha, akalisema. Hannah alisikiliza akitazama chini. Kisha akaweka mkono tumboni, akauacha hapo.

"Laban aliniambia aliinunua kwa mafao yake ya kustaafu," alisema. "Mwaka mzima nimekuwa nikimwambia Easter, mwanangu, hebu nisaidie kushika bilauri. Na yeye akanishikia."

"Hukujua, mama."

"Sikuuliza. Mtu akiletewa dhahabu nyumbani kwa mwanamume aliyefiwa na mke haulizi ilikuwa ya nani?"

Nje gari liliegeshwa. Mwalimu alikuwa amekuja na teksi kumchukua mkewe. Aliingia, akasimama mbele ya kaunta, mikono imelegea, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba wende nyumbani, maji ya moto yako tayari. Hannah hakumtazama. Alikuwa akihangaika na nguo yake ya juu. Alikuwa na leso mbili, moja ameivaa na moja amejifunika mabegani, na vidole havikuweza kulifungua fundo. Kioko alimfungulia.

"Mpelekee," alisema. "Saruji ile huanza kuuma alfajiri. Mwambie asijifunike, ailalie. Ubaridi huingia kupitia mgongoni."

"Nimwambie imetoka kwako?"

"Ataijua. Yeye ndiye huifua."

Kioko aliipeleka. Easter aliipokea kwa mkono wa kushoto, akaitambua, akakaa nayo bila kuifungua.

"Atashtakiwa kwa nini?" Kahindi alimuuliza walipokuwa wakirudi ukumbini. "Hakukusudia kuua mtu."

"Kwa chupa, na kwa kunyamaza. Uzito wake atausema hakimu."

"Na sisi tuliomfungia mama?"

Kioko alikuwa amefika kaunta. Mwalimu alikuwa bado amesimama palepale, na teksi ilikuwa ikipiga honi nje. Hannah alikuwa ameketi kwenye benchi la wageni, mabega wazi, miguu mitupu juu ya sakafu.

"Mama, mumeo anakungoja," alisema Kioko.

"Namwona," alisema Hannah. "Aende akalete chakula cha mtoto. Mimi niko hapa mpaka nijue amekula."

Mwalimu alitoka. Hannah akajisogeza taratibu hadi mwisho wa benchi, upande unaotazama mlango wa seli, akakaa.